Amplifaya mbili za kurushia setilaiti: namna ya kuhakikisha ya akiba inashika zamu kweli

Malalamiko yanafanana kila mara. Kituo kina amplifaya mbili, moja kazini na nyingine ya akiba. Ya kwanza inaharibika, swichi inageuka, taa ya kijani inawaka kwenye ya pili, lakini mawasiliano hayarudi. Au yanarudi kwa nguvu pungufu, au amplifaya zinapokezana bila kutulia mpaka fundi azime kila kitu.

Mara nyingi amplifaya ya akiba haina kosa. Kasoro iko kwenye mnyororo unaoizunguka: umeme, masafa rejea (yanayoongoza masafa ya kifaa), swichi, mipangilio na viwango vya nguvu. Mnyororo huo hauwezi kuaminiwa mpaka uharibiwe kwa makusudi na kuonekana unajinusuru. Mwongozo huu unafuata kazi hiyo tangu kufunga hadi kuthibitisha.

Mfano tunaotumia ni BUC mbili za wati 200 za bendi ya C (hapa karibu GHz 6), zilizofungwa nyuma ya dishi. BUC ni kifaa kimoja kinachopandisha masafa kutoka bendi ya L (hapa MHz 950 hadi 1,525) na kukuza nguvu. Mfumo ni wa 1:1, yaani moja kazini, moja akiba. Kwa bendi ya Ku, yenye masafa ya juu zaidi, hatua ni zilezile, ila weivgaidi (bomba la chuma linalopitisha mawimbi) na masafa hubadilika. Kwa amplifaya za mirija, yaani zinazokuza kwa mrija wa ombwe, tumezitaja tofauti zake zinapohusika.

## Mnyororo wenyewe

Modemu hutoa keria, yaani wimbi linalobeba mawasiliano, kwenye bendi ya L. Spilita huligawa kwenda BUC A na BUC B. Matokeo ya zote mbili huingia kwenye swichi ya weivgaidi yenye milango minne: BUC A, BUC B, antena, na mzigo bandia unaomeza nguvu na kuigeuza joto.

Ndani ya swichi kuna rota, kipande kinachozunguka, yenye mikao miwili. Mkao wa kwanza hupeleka A kwenye antena na B kwenye mzigo. Mkao wa pili hugeuza mambo.

Maana yake kiutendaji ni kubwa: BUC ya akiba inaweza kukaa imewaka, inapokea keria, inakuza na kumwaga nguvu kwenye mzigo saa 24. Unaweza kuipima bila kugusa huduma iliyo hewani. Kituo kisichotumia nafasi hiyo kimenunua nusu ya mfumo tu.

## Vitu vya kuandaa

- BUC mbili za modeli moja, zenye osileta ya ndani (inayozalisha masafa yanayojumlishwa na ya bendi ya L) ya masafa yaleyale (GHz 4.900 katika mfano huu) na toleo moja la programu.
- Swichi ya weivgaidi ya WR-137 yenye mota, kitasa cha kugeuzia kwa mkono, na nyaya za kuonyesha mkao.
- Mzigo bandia unaoweza kumeza nguvu yote ya BUC moja mfululizo. Usikubali wa nusu.
- Kapla mbili (vifaa vinavyochota sampuli ndogo ya nguvu kwa ajili ya kupimia) za dB 40, yaani desibeli 40, moja upande wa antena na nyingine upande wa mzigo, zikiwa na karatasi za vipimo vyake halisi.
- Spilita ya njia mbili inayopitisha MHz 10 (masafa rejea) pamoja na bendi yote ya L, MHz 950 hadi 1,525.
- Kebo ya udhibiti inayounganisha BUC hizo mbili na swichi, kutoka kwa mtengenezaji wa BUC.
- Spektra analaiza (kipimo cha masafa na nguvu) inayofika GHz 6.5 au zaidi, atenueta (kipunguza nguvu) ya dB 20, multimita na spana ya toki.
- Gasketi mpya kwa kila ungio la weivgaidi. Ya zamani hairudishwi.
- Kifuniko cha chuma cha mlango wa weivgaidi, na kifuniko cha om 50 chenye kinga ya umeme wa DC kwa mlango wa spilita.
- Namba ya simu ya kituo cha udhibiti cha mwenye setilaiti, na ruhusa yake ya kurusha keria ya majaribio.

## Onyo kabla ya kushika spana

Kipimo cha ndani cha WR-137 ni milimita 34.85 kwa 15.80. Wati 200 zikitoka kwenye mdomo huo ulio wazi ni zaidi ya wati 300,000 kwa kila mita ya mraba. Kikomo cha kimataifa cha ICNIRP, tume ya kinga dhidi ya mionzi isiyo ya ayoni, kwa wafanyakazi, kwa masafa haya, ni wati 50 kwa mita ya mraba, na kwa watu wengine ni 10. Jicho ndilo huumia mapema.

Kwa hiyo weivgaidi haifunguliwi BUC ikiwa na umeme. Kunyamazisha kwa programu hakutoshi. Zima breka, ifunge kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa aliye juu ya dishi. Amplifaya za mirija zina pia volti elfu kadhaa ndani. Kasha lake si la kufunguliwa na fundi wa kituo.

## Hatua ya 1: Tenganisha umeme

Kila BUC iwe na breka yake na kebo yake kutoka kwenye bodi ya umeme. Kama kituo kina UPS mbili, A iende kwenye moja na B kwenye nyingine. Kama kidhibiti cha zamu ni kisanduku cha pekee, kiwe na pawasaplai mbili, kila moja kutoka chanzo tofauti.

BUC mbili kwenye breka moja ni hitilafu moja inayosubiri. Mtu akiweka breka yenye ukubwa wa BUC moja, zote mbili huanguka siku B inapopashwa moto kwa pamoja na A. Soma bamba la kifaa, jumlisha, kisha uchague breka.

Umefanikiwa kama: ukizima breka ya A, B inabaki hai, na mota ya swichi bado ina umeme. Jambo hilo la pili husahaulika. Kama mota inalishwa na BUC iliyokufa peke yake, hakuna wa kuigeuza.

## Hatua ya 2: Funga swichi na weivgaidi

Kabla ya kufunga, chomoa waya wa mota na ugeuze rota kwa mkono mara kadhaa. Iende laini na ifike mwisho pande zote mbili. Pima nyaya za mkao kwa multimita na uandike ni waya zipi zinafunga kila upande.

Kaza bolti kwa mpangilio wa msalaba, kwa toki iliyoandikwa na mtengenezaji. Bolti zikikazwa upande mmoja kwanza, gasketi hubanwa vibaya na maji huingia masika ya kwanza. Hakikisha mshale wa kila kapla unafuata njia ya nguvu, kutoka swichi kwenda mbele.

Kosa linalorudiwa sana ni kubadilisha A na B: weivgaidi ya A imefungwa mlango wa B huku nyaya za udhibiti zikibaki zilivyo. Kidhibiti kitaamini A iko kwenye antena wakati iko kwenye mzigo. Bandika alama ya A au B kwenye kila mlango, kila kebo na kila breka, kwa lebo isiyofutika kwa jua.

## Hatua ya 3: Pembejeo, na ile MHz 10

Hapa ndipo mifumo mingi hufia kimya kimya.

BUC haiwezi kupandisha masafa bila masafa rejea ya MHz 10, ambayo kwa kawaida husafiri kwenye kebo ileile ya bendi ya L. BUC nyingi huyataka kwa kiwango cha kati ya dBm −5 na +5 (dBm ni desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati 1). Ikiyakosa, osileta yake haijifungi, yaani haishiki masafa yake sawasawa; BUC hujinyamazisha na kutoa alamu. Ndivyo inavyotakiwa, maana ikirusha bila rejea itaangukia kwenye masafa ya jirani.

Sasa angalia kilichowekwa kati ya modemu na BUC zako. Kama ni swichi ya koaksi, ya akiba haipati kitu hadi zamu igeuke. Itakaa na alamu ya osileta daima, na kidhibiti kikiwa makini kitakataa kuipa kazi kwa sababu kinaiona mbovu. Mpangilio huo unafaa tu pale BUC zina rejea ya ndani. Kama ni spilita ya bendi ya L isiyopitisha MHz 10, zote mbili zitalia.

Tumia spilita sahihi, na ukubali gharama yake: kila njia hupoteza karibu dB 3.5. Rudisha upotevu huo kwenye modemu. Kebo mbili za kutoka kwenye spilita ziwe za aina moja na urefu mmoja, ili tofauti ya nguvu isianzie hapo.

Kama modemu inatoa umeme wa DC kwenye kebo kwa ajili ya BUC ndogo, uzime. BUC za wati 200 zina umeme wake, na DC hiyo inaweza kuunguza spilita.

Elewa pia mipaka: modemu, spilita, swichi na fidi (mdomo wa antena unaotoa mawimbi kuelekea dishi) bado ni kimoja kimoja. Mfumo wa 1:1 wa amplifaya hauvilindi.

Umefanikiwa kama: BUC zote mbili zinaonyesha osileta imejifunga, zikiwa zimenyamazishwa, kabla hata keria haijawashwa.

## Hatua ya 4: Mipangilio

Akiba ya moto (iliyowashwa muda wote) au ya baridi (iliyozimwa). Chagua ya moto. Akiba ya baridi huokoa umeme, lakini BUC iliyopoa huwa na ukuzaji tofauti na iliyopata moto, na huwezi kujua kama ni nzima. Kwa amplifaya za mirija suala si la kuchagua: mrija huhitaji kupashwa takriban dakika 3 kabla ya kuruhusu volti kubwa, kwa hiyo wa akiba ukae umepashwa muda wote.

Hitilafu zinazoruhusiwa kubadili zamu. Ruhusu: kupotea kwa umeme, joto kupita kiasi, osileta kufunguka, kufa kwa moduli ya kukuza, na BUC kutojibu kidhibiti.

Zima mbili. Ya kwanza ni alamu ya nguvu ndogo ya kutoka. Modemu ikizimwa kwa matengenezo, nguvu itashuka kwenye BUC zote mbili, na kidhibiti kitazipokezanisha bila mwisho huku rota ikisagika. Iache kama taarifa tu, isipokuwa kidhibiti chako kinalinganisha nguvu inayoingia na inayotoka. Ya pili ni alamu ya nguvu inayorudi, yaani inayogonga kizuizi na kurejea kwenye BUC. Chanzo chake mara nyingi ni maji kwenye fidi au weivgaidi, mbele ya swichi. Kubadilisha BUC hakukaushi maji, kunaipeleka BUC nzima kwenye adhabu ileile. Hiyo inyamazishe na kuita fundi.

Kurudi zamu. Weka kutorudi. A ikipona, ikae akiba hadi mtu aamue. Hitilafu inayokuja na kuondoka, kama feni inayokwama mchana tu, ingekata huduma mara mbili kila siku.

## Hatua ya 5: Linganisha nguvu

Ya akiba ikiwa na ukuzaji wa dB 2 zaidi, siku ya zamu itasukumwa karibu na kikomo chake, keria itapanuka pembeni na kuvuruga majirani, na mwenye setilaiti atakuamuru uzime. Ikiwa pungufu dB 2, kila kitu kitaonekana sawa hadi mvua, ndipo vituo vya mbali vianze kupotea.

Acha BUC zote zipate moto kwa nusu saa. Kisha:

1. Nyamazisha BUC zote mbili, na itakayokuwa kwenye antena ibaki hivyo. Spilita hulisha zote mbili, kwa hiyo usipofanya hivi keria ya majaribio itaenda angani.
2. Peleka A kwenye mzigo, kisha uiwashe hiyo peke yake. Unganisha analaiza kwenye kapla ya mzigo kupitia atenueta ya dB 20.
3. Rusha keria tupu (isiyobeba data) ya MHz 1,275. Ikijumlishwa na GHz 4.900 inakuwa GHz 6.175, katikati ya bendi ya GHz 5.925 hadi 6.425.
4. Panda taratibu hadi dBm 47, yaani wati 50. Kama kebo ya kupimia inapoteza dB 2, jumla ya upungufu ni 40 + 2 + 20 = dB 62, na analaiza isome dBm −15.
5. Bila kugusa modemu, nyamazisha A, geuza swichi ili B iwe kwenye mzigo, kisha washa B. Soma kwenye kapla ileile, kwa kebo ileile.
6. Punguza yenye nguvu zaidi kwa atenueta yake ya ndani mpaka zilingane. Usiipandishe dhaifu, maana hujui udhaifu wake unatoka wapi.
7. Rudia kwenye MHz 1,025 na 1,525, kingo za bendi.

Tunasisitiza kapla ileile kwa sababu kapla mbili zilizoandikwa dB 40 zinaweza kutofautiana nusu desibeli. Ukipima A kwenye moja na B kwenye nyingine, utakuwa unalinganisha kapla.

Umefanikiwa kama: tofauti ni dB 0.5 au chini katikati, na haizidi dB 1 kwenye kingo. Andika thamani zote. Ndizo utakazolinganisha nazo baadaye.

## Hatua ya 6: Geuza zamu kwa amri

Rota ikiwa katikati ya safari, milango imezibika. Nguvu ikiendelea kuja itagonga chuma na kurudi kwenye BUC, na kwenye nguvu kubwa cheche huunguza kingo za rota. Kwa sababu hiyo swichi ina nyaya za kuzuia: zinanyamazisha BUC kabla rota haijaondoka, na kuziachia ikishafika.

Agiza kubadili huku analaiza ikiwa kwenye hali ya kuonyesha nguvu inavyobadilika kadiri muda unavyokwenda. Utaona keria ikianguka, pengo la sehemu ndogo ya sekunde, kisha ikirudi kwenye urefu uleule. Modemu za mbali zitachukua sekunde kadhaa kujifunga tena, na hilo ni la kawaida.

Keria isipokuwa na pengo kabisa, zuio halifanyi kazi. Simama hapo urekebishe. Keria ikirudi ikiwa imeshuka karibu dB 60, nguvu inakwenda kwenye mzigo na unachokiona ni uvujaji wa swichi: A na B zimegeuzwa, rudi Hatua ya 2.

## Hatua ya 7: Leta hitilafu za kweli

Kubadili kwa amri kunathibitisha mota. Hakuthibitishi kwamba kidhibiti kinatambua ugonjwa. Ukiwa na ruhusa ya kukata huduma, mfumo ukiwa otomatiki na A kazini, fanya yafuatayo, ukirejesha hali ya mwanzo kila baada ya jaribio:

1. Zima breka ya A. B ishike zamu.
2. Chomoa pembejeo ya A na ufunike mlango wa spilita kwa kifuniko cha om 50. A ikose MHz 10, ilie, B ishike.
3. Zima keria kwenye modemu, ukiacha MHz 10. Zamu isibadilike. Ikibadilika, alamu ya nguvu ndogo haijazimwa.
4. Zima B kwanza, halafu chomoa pembejeo ya A. Mfumo usihamie kwenye B iliyokufa.
5. Chomoa kebo ya udhibiti kati ya BUC mbili. Iliyo kazini iendelee, alamu itoke, zamu isibadilike. Mfumo ambao kila BUC hujitangaza kuwa ndiyo yenye zamu una mipangilio mibovu.
6. Kata umeme wa kituo chote, kisha urudishe. Angalia nani anashika zamu, na kama anarusha mwenyewe au anasubiri amri. Baadhi ya BUC huamka zimenyamazishwa. Kwenye kituo kisicho na mtu usiku, ambako umeme hukatika na jenereta kuingia, jibu la jaribio hili ndilo linaloamua kama mtu ataamshwa.

Usifungue weivgaidi ili kuiga nguvu inayorudi, wala usizibe feni kuiga joto. Vipimo hivyo huharibu kifaa ili kukijaribu.

## Ikikataa

Rota haigeuki. Imekaa mwaka mzima mkao mmoja, na kwa vituo vya pwani chumvi imeshaingia. Igeuze kwa mkono waya wa mota ukiwa umechomolewa. Ikikaza, badilisha swichi. Mafuta ya kupaka ndani ya njia ya mawimbi hayaruhusiwi.

BUC zote mbili zinalalamikia nguvu inayorudi. Tafuta maji: kioo cha fidi, weivgaidi laini, sehemu ya chini kabisa ya bomba. Angalia kikaushio hewa kama bado kinasukuma.

Ya akiba inashuka nguvu wiki hadi wiki. Moduli inakufa. Umeigundua mapema kwa sababu ilikuwa kwenye mzigo ikipimwa.

Mzigo bandia umeungua. Ulikuwa mdogo kuliko BUC. Mzigo mbovu hurudisha nguvu kwenye BUC ya akiba na kuiua kabla ya zamu yake.

## Mifumo mingine kwa ufupi

Katika 1:2, akiba moja hulinda njia mbili, kwa kawaida polarizesheni mbili (mielekeo miwili ya wimbi). Panga ni njia ipi ina kipaumbele, maana mbili zikifa pamoja moja itapotea.

Katika mifumo ya kuunganisha nguvu, amplifaya zote mbili hurusha pamoja. Moja ikifa, unapoteza dB 6: tatu za amplifaya iliyokufa, na tatu nyingine kwa sababu nusu ya kinachobaki huishia kwenye mzigo wa kiunganishi. Kukiwa na swichi ya kukikwepa kiunganishi, upotevu ni dB 3 tu. Hesabu mawasiliano yako kama yatastahimili kabla ya kununua.

## Kubadilisha BUC iliyokufa, huduma ikiwa hewani

Kila wiki soma nguvu ya akiba kwenye mzigo, kila mwezi geuza zamu ili rota isilale, na mara mbili kwa mwaka rudia Hatua ya 7 yote. Siku BUC moja itakapokufa, fuata mpangilio huu:

1. Weka mfumo kwenye hali ya mkono.
2. Chomoa waya wa mota ya swichi. Bila hilo, amri moja ya mbali inaweza kuielekeza BUC hai kwenye mlango ulioufungua usoni mwako.
3. Zima na ufunge kwa kufuli breka ya BUC mbovu.
4. Toa pembejeo yake na ufunike mlango wa spilita kwa kifuniko cha om 50.
5. Fungua weivgaidi, toa BUC, na uzibe mlango wa swichi kwa kifuniko cha chuma papo hapo.
6. Funga mpya kwa gasketi mpya. Linganisha programu na mipangilio kabla ya kuunganisha kebo ya udhibiti.
7. Hakikisha swichi iko mkao uleule, rudisha waya wa mota, na ipime BUC mpya kwenye mzigo. Hapa usirushe keria ya majaribio wala kunyamazisha iliyo kazini: tumia keria za huduma zenyewe, na ulinganishe na rekodi ya kapla hiyohiyo.
8. Rudisha mfumo kwenye otomatiki, kisha umwombe mtu wa pili asome kioo cha kidhibiti na kuthibitisha neno hilo kabla hamjashuka kwenye dishi. Mifumo mingi iliyoshindwa kubadili zamu ilikuwa imeachwa kwenye hali ya mkono tangu matengenezo yaliyotangulia.